Teksi Iliyopakwa Hina

Siku mliponiaga, nyinyi vijana wa gereji, mlinipa zawadi ya kopo la dawa ya kupuliza, ile ya kurudisha weusi wa plastiki. Nawashukuru sana. Sina gari, sijawahi kuwa nalo, kwa hiyo kopo lenu nimelijaribu kwenye ndoo ya chooni, nayo imeng'aa mpaka mke wangu anaona haya kuitia maji. Mnapuliza, mnafuta, mnakwenda kunywa chai. Hiyo si kazi, hiyo ni kupiga chafya. Basi nimekaa niwaandikie jinsi tulivyohangaika sisi kabla kopo halijaletwa, mpate cha kusoma mkikosa wateja.

Vyeo sivitaji, na mshahara ndio kabisa, maana mtacheka. Nianze na siku ya kwanza. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, mimi kijana mzima wa kuota ndevu, nikafika kwa Fundi Kondo pale Bagamoyo nikitaka kujifunza injini. Fundi Kondo alikuwa Mzaramo mfupi, mkali, asiyekubali hata siku moja kwamba kitu kimemshinda. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanitazama mikono, halafu akanitupia kipande cha kanga kuukuu. Akasema injini zina watu wake, yeye alichokosa ni mtu wa ngozi. Ngozi ndiyo jina alilolipa bodi ya gari, na mimi nikawa mtu wa ngozi mpaka nilipostaafu.

Magari ya zamani yalikuwa chuma kitupu, lakini miaka ile yalianza kuja yenye plastiki nyeusi: shoo ya mbele, yale meno ya usoni mwa gari, mikanda ya milangoni, vipande vya kwenye bampa. Waliozitengeneza plastiki zile hawakuwahi kukaa Bagamoyo. Jua la huku likishirikiana na chumvi ya baharini, weusi unakwenda zake, plastiki inapauka kama magoti ya mtoto aliyetoka kuogelea baharini. Ukipitisha kidole kinatoka cheupe. Wenye magari walikuwa wanakosa raha kabisa, kana kwamba wamepauka wao.

Fundi Kondo alikuwa na nadharia moja tu: kilichopauka kinapakwa mafuta ya nazi. Tulipaka mafuta ya nazi, na gari lilitoka kwetu linawaka. Shida ilianzia njiani. Likifika Kerege tu, vumbi lote jekundu la barabara limenata kwenye mafuta, na mwenye gari anarudi anauliza kwa nini tumempaka udongo. Gari la mwalimu mmoja wa Miono lilivamiwa na siafu shoo nzima. Halafu wakaja mbuzi. Mwalimu yule, mtu mpole, muumini wa kanisa, alikuja kutulalamikia kwamba kila Jumapili ibada ikiendelea mbuzi wanalizunguka gari lake kulilamba, na mchungaji ameshauliza mara mbili nani anayewaita. Fundi Kondo alimwambia ashukuru, maana mbuzi hamlambi mtu mbaya.

Nilichojifunza siku zile kinafaa hata leo, kwa hiyo kisikieni. Usipake kitu chochote juu ya chumvi. Osha kwanza kwa ndimu na majivu laini, sugua kwa mswaki wa mti ule laini, suuza, acha kikauke kivulini, ndipo ufikirie la kupaka. Nyinyi mnapuliza juu ya uchafu halafu mnaushangaa unarudi.

Sasa niingie kwenye kesi ngumu kuliko zote, ya Mzee Athumani.

Mzee Athumani alikuwa dereva wa teksi, mgane, na mtoto wake alikuwa mmoja tu, Zuhura. Teksi yenyewe ilikuwa gari la Kifaransa la rangi ya maziwa. Kwa gari lile alimpeleka mkewe hospitali, na kwa gari lilelile akamrudisha nyumbani kuzikwa. Tangu hapo kiti cha mbele hakikukaliwa na abiria. Kilikuwa cha Zuhura, akiwepo asiwepo. Aliyetaka kukaa mbele aliambiwa atafute teksi nyingine, na Bagamoyo siku zile teksi nyingine ilikuwa shida.

Zuhura akaposwa na kijana wa Kerege aitwaye Bakari, muuza vitambaa. Kijana mzuri, hana neno. Maneno walikuwa nayo shangazi zake wa Pangani. Siku walipokuja kumalizia mambo ya mahari, mkubwa wao, Bi Rukia, alipotoka nje alipitisha kidole kwenye mkanda wa mlango wa ile teksi, akakiinua juu watu wakione. Kilikuwa cheupe pepe. Akasema gari hili limepauka, bibi harusi wetu atashuka na majivu, kwa hiyo wao wataleta gari jipya la kutoka Dar es Salaam.

Mzee Athumani alisimama barazani kwake, na mtaa mzima ukamsikia. "Wallahi, mwanangu ataondoka kwa gari hili la mama yake, na panapotakiwa kuwa peusi patakuwa peusi. Pasipokuwa peusi, haondoki."

Nyuma ya pazia Zuhura akaanza kulia, maana alimjua baba yake. Kiapo kile kisipotimia, hakuna harusi. Alimpenda Bakari, hilo mji mzima ulilijua, na sasa maisha yake yalikuwa yananing'inia kwenye plastiki ya Mfaransa.

Teksi ikaletwa kwetu, na harusi ni Alhamisi ileile ya mbele. Fundi Kondo akakunja mikono ya shati. Kwanza tulichanganya masizi ya sufuria na mafuta. Weusi ulikuja, lakini Mzee Athumani aliegemea mlango kwa furaha, na alipojitoa, weusi wote ulikuwa kwenye kanzu yake. Tukapaka dawa ya viatu. Nayo ilipendeza mpaka saa sita mchana, halafu ikayeyuka ikashuka taratibu milangoni, gari likawa kama limelia na wanja. Mwisho Fundi Kondo akachukua pasi ya mkaa ya mkewe, akaipitisha juu ya mkanda bila kugusa. Hapo, jamani, niliona maajabu. Moto uliurudisha weusi wenyewe, weusi wa kiwandani. Nikashangilia. Mkanda nao ukajikunja polepole mpaka ukabaki umeinama kama samaki mkavu. Fundi Kondo akautazama akasema tumekaribia.

Hatukuwa tumekaribia popote. Mzee Athumani alikaa kwenye tairi bovu akashika kichwa, na sikumwona mtu mwingine anayekifukuzia kiapo chake mwenyewe kwa huzuni namna ile.

Aliyekuja kutuokoa, au kutumaliza, sijui niseme vipi, alikuwa Bi Nuru, mpakaji hina wa mji na somo wa Zuhura. Alitumwa na Zuhura mwenyewe. Aliizunguka teksi, akagusa shoo, akanusa kidole, akatuuliza kama hatuna wake majumbani. Akasema ninyi wanaume mnapaka juu juu, ndiyo maana inatoka. Hina haikai juu, hina inaingia. Plastiki iliyopauka inakunywa kama kiganja kikavu, aachiwe yeye. Fundi Kondo, asiyekubali kushindwa, alisema hilo alikuwa analifikiria tangu asubuhi.

Lakini Bi Nuru alikuwa na masharti. Yeye hapaki hina kitu kilichosimama barabarani kinatazamwa na kila mpita njia. Anayepakwa hina yake anawekwa ndani kwanza. Tukabomoa ua wa makuti nyuma ya nyumba ya Mzee Athumani, tukaisukuma teksi mpaka uani, tukaambiwa turudishie ua na tusionekane tena. Wanaume wote, hata mwenye gari. Mzee Athumani alipouliza kama anaweza kuingia kuchukua koti lake kwenye buti, Bi Nuru alimwambia kwamba mwali hapekuliwi.

Basi tukakaa nje ya ua, mafundi wawili na dereva, tunasikiliza kazi yetu ikifanywa. Kwanza ilikuja harufu ya singo, wakaisugua teksi nzima kama wanavyomsugua bibi harusi, na niwaambieni kwamba kwa kuondoa uchafu hakuna sabuni inayoifikia. Halafu moshi wa udi ukatoka kwenye boneti. Halafu nyimbo. Fundi Kondo hakuvumilia, akapaza sauti kwamba wasisahau kwenye shoo, katikati ya meno. Bi Nuru akajibu kutoka uani kwamba ni aibu mtu mzima kuuliza uso wa mwali. Baadaye tulimsikia anaisomesha. Akaiambia ikiitwa iitike mara ya kwanza, isinung'unike mlimani, isitoe siri za waliopanda. Mzee Athumani alikuwa ananiuliza kila mara wamefika wapi, na mimi nampa habari kwa kunusa.

Plastiki zote zilifungwa majani ya mbarika na vipande vya kanga, hina ikolee. Zuhura naye alikuwa ndani, mikono imefungwa vilevile. Bakuli lilikuwa moja.

Alhamisi baada ya alasiri tukaufungua ua. Wageni wa Kerege walikuwa wameshafika barazani, na Bi Rukia mbele yao. Majani yakafunguliwa.

Ilikuwa nyekundu. Bampa nyekundu, shoo nyekundu, mikanda nyekundu iliyokolea hasa, na juu ya wekundu ule, kwa piko nyeusi, maua. Majani na vikonyo vimezunguka taa, vimepanda milangoni, vimekutana nyuma kwenye namba. Kwenye kioo cha ndani kilining'inia kikuba cha asumini. Fundi Kondo alikaa chini mchangani bila kutafuta pa kukaa.

Mzee Athumani aliuliza kwa sauti ndogo weusi uko wapi. Bi Nuru akamtazama kama mtu asiyejua njia ya nyumbani kwake. Akasema mwali hapakwi piko tupu kama bibi kizee anayeficha mvi. Hina kwanza, piko juu yake. Kwani yeye hakuoa?

Watu wakaanza kubishana. Mmoja akasema maua ni meusi, kiapo kimetimia. Mwingine akasema kiapo kilisema panapotakiwa kuwa peusi, na kati ya maua hapajawa. Mzee Athumani alirudia neno moja tu, kwamba ameapa, na uso wake ulikuwa umemkauka. Nilijua anataka kukubali, na nilijua hawezi.

Hapo mlango wa uani ukafunguka, Zuhura akatoka amejifunika, wanawake wamemshika mabega. Alikwenda mpaka kwenye bampa akatoa mikono miwili nje ya vazi lake, akaiweka juu ya plastiki. Ua la mkononi na ua la bampa yalikuwa kitu kimoja.

"Baba," akasema, "tumepakwa bakuli moja, mimi na gari la mama. Ukilikataa hili, unikatae na mimi."

Mzee Athumani alivua kofia akajifutia macho. Alilia mbele za watu, naye hakuwa mtu wa kulia. Kisha akasema kiapo kimevunjika, na atakifungia. Shehe wa mtaa alikuwepo, akamkumbusha kwamba mwenye uwezo analisha maskini, asiyekuwa nao ndiye anayefunga siku tatu. Mzee akasema harusi imeshamkausha, atafunga kuanzia kesho. Akamfungulia binti yake kile kiti cha mbele. Akatia ufunguo, na teksi ile, ambayo kwa miaka tuliizoea kuisukuma, ikawaka mara ya kwanza. Bi Nuru hakushangaa hata kidogo.

Kule Kerege Bi Rukia alikuwa wa kwanza kushuka. Akapitisha kidole kwenye mkanda, vumbi likatoka, chini yake wekundu uko palepale. Akakitazama kidole kwa muda mrefu. Kisha akapiga kigelegele, na kuanzia hapo akawa anawaambia watu kwamba wazo lilikuwa lake. Kesho yake palipikwa biriani, na Mzee Athumani alikaa mbele ya sinia amefunga, anameza mate. Bi Rukia akadhani bado ana kinyongo, akazidi kumsogezea nyama mpaka karibu na magharibi.

Mngedhani mambo yameishia hapo. Yalianzia hapo.

Mnajua kwamba bibi harusi haingii jikoni mpaka hina ya mikononi ifutike. Bi Nuru alitamka, na mji ukakubali, kwamba na teksi ni hivyohivyo. Imepakwa, imesomeshwa, haiwezi kufanyishwa kazi. Hakuna mwanamke wa Bagamoyo aliyekubali kuipanda. Hata wanaume, ukiwaambia teksi hiyo hapo, walitazama pembeni wakasema watatembea tu. Safari pekee iliyoruhusiwa ilikuwa kwenda Kerege kumtazama bibi harusi mwenzake. Kwa hiyo Mzee Athumani akawa anakwenda Kerege. Leo Kerege, kesho Kerege, na chakula cha mchana anakula hukohuko.

Hina ya Zuhura ikafutika, tukasikia sasa anapika na mkono wake mtamu. Teksi haikufutika. Fundi Kondo akaona mtu atakufa njaa kwa kazi ya gereji yetu, akanipa kazi ile peke yangu, ya kwanza niliyoaminiwa bila kusimamiwa. Mimi, niliyefundishwa kurudisha rangi, nikaagizwa kupausha. Nilisugua kwa ndimu, kwa majivu, kwa mchanga laini, nikaiacha juani imetazama bahari. Jioni ilikuwa imepauka vizuri, nikajisifu. Kesho kutwa yake asubuhi ikaja nyekundu. Nikasugua tena, ikapauka, ikarudi nyekundu. Nilianza kuamini tumegundua rangi isiyotoka duniani, na tayari nilikuwa nafikiria jinsi nitakavyotajirika.

Utajiri wangu uliishia kwa Bi Nuru. Nilikutana naye sokoni, akaniambia nimwambie mzee wangu Athumani ampumzishe, unga wa hina anammalizia. Kila akitoka Kerege anapitia bakuli.

Nilikwenda kwake asubuhi ileile. Nilimkuta uani, amechuchumaa mbele ya bampa, bakuli miguuni, njiti ya kiberiti mkononi, anachora ua. Alikuwa hajui kuchora kabisa. Lilikuwa kama kaa aliyekanyagwa.

Nikamwamkia. Akaitika bila kugeuka, akaendelea mpaka akamaliza jani lake. Kisha akasema, "Sefu mwanangu, gari hili likiwa na hina, nampeleka bibi harusi kwa mwenzake, kila mtu anajua, hakuna wa kuniuliza. Likipauka, nitakuwa mzee tu ambaye hawezi kukaa nyumbani kwake peke yake."

Nilirudi gereji nikamwambia Fundi Kondo rangi imegoma. Alinitazama mikono, haikuwa na harufu ya ndimu, akasema tutajaribu tena wiki ijayo. Wiki ijayo hatukujaribu, wala ile nyingine. Kwa mara ya kwanza na ya mwisho nilimwona Fundi Kondo amekubali kwamba kitu kimemshinda.

Mwaka haukwisha, Zuhura akaletwa kwao kujifungua mtoto wa kwanza, kama desturi, akae mpaka arobaini itimie. Siku aliyofika, Mzee Athumani aliisugua teksi mwenyewe kwa ndimu mpaka ikawa nyeupe, akaileta gereji akifurahi kama mtoto. Akasema nimrudishie weusi wake aanze kupakia watu, hana safari tena, mgeni yuko nyumbani. Niliipaka mafuta na masizi, akaenda kuwachafua abiria wake kanzu, na hakuna aliyelalamika, maana wote walifurahi kuiona teksi barabarani.

Arobaini ikatimia. Zuhura akarudi Kerege na mwanawe, amekaa kile kiti cha mbele, na baba yake ndiye aliyempeleka. Kesho yake nilipofika kufungua gereji, Mzee Athumani alikuwa ameshafika, amekaa kwenye lile tairi bovu, amepakata bakuli la hina lililofunikwa kanga. Akasema kwamba mkono wake si mzuri, maua yake watu wanayacheka. Nikaenda kuosha mikono, nikarudi, nikachukua njiti, nikaanza na bampa la mbele.